Niliambiwa Niuandikie Mti Hukumu ya Kifo

Siku ile hapakuwa na upepo hata wa kutikisa nguo kambani.

Jua kali, watu wanapita na hamsini zao. Mara tawi nene kama paja la mtu mzima likajiachia lenyewe kutoka juu, likashuka, likatua juu ya gari jipya la Mwenyekiti wa wafanyabiashara.

Kioo cha mbele kikawa chengachenga.

Mwenyewe alikuwa ameshuka punde tu, amesimama kwa fundi viatu anang'arishiwa viatu. Angechelewa kidogo kushuka, leo nisingekuwa nawasimulia habari za mti. Ningekuwa nawasimulia habari za msiba.

Na hapo ndipo masaibu yangu yalipoanzia, maana mimi ndiye mkaguzi wa miti ya barabarani.

Najua unacheka. Hata mama yangu mzazi alicheka siku nilipomwambia nimepata kazi ya kupima miti. Akaniuliza, "Inaumwa nini?"

Kazi yenyewe ni hii. Mti ukizeeka kando ya barabara, lazima apatikane mtu wa kusema kama utaanguka, utamwangukia nani, na kifanyike nini kabla haujaanguka. Natembea na nyundo ya mbao na chuma kirefu chembamba. Nyundo nagongea shina nikisikiliza. Mti mzima hujibu kwa sauti kavu, mti uliooza ndani hujibu kama ngoma. Chuma nachomea penye wasiwasi. Kikigoma, salama. Kikizama, tuna kazi.

Kwa huko kugonga, mtaani wamenibandika jina la Kigong'ota, yule ndege anayegonga miti. Nimeshalizoea.

Sasa mti tunaouzungumzia ulikuwa mzee kuliko barabara yenyewe. Chini yake palikuwa na fundi viatu na mbao zake, nyuma yake duka la kinyozi, na pembeni ndipo wanafunzi walipokuwa wanasubiri gari la shule. Ubavuni mwa mti kulikuwa na nguzo ya umeme ya mbao, imegusana na tawi kubwa kuliko yote.

Watu wote pale walikuwa na msemo mmoja. "Mti umeilalia nguzo. Iko siku utaiangusha."

Kesho yake bosi akaniita ofisini.

"Nataka ripoti ya ule mti. Andika ukatwe."

"Bosi, sijaupima bado."

"Ndiyo nakwambia. Nenda kaupime, halafu uandike ukatwe."

Nikamtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania.

Nikaenda. Niligonga shina lile kutoka mizizini hadi mikono ilipokoma, nikazunguka, nikarudia. Kweli, katikati mlikuwa na uwazi. Mti ulikuwa mzee, na wazee wengi wa miti huwa hivyo. Lakini kuuzunguka ule uwazi kulikuwa na mbao nene, hai, ngumu. Kila nilipochoma, chuma kiligoma. Mizizi ilikuwa imeshika ardhi barabara. Tatizo lilikuwa juu, kwenye matawi makavu, na hayo yanatolewa bila kumuua mzee wa watu.

Nikaandika nilichokiona. Matawi yaliyokufa yatolewe upesi. Kichwa cha mti kipunguzwe uzito. Wanafunzi wahamishiwe upande wa pili wa barabara hadi kazi iishe. Na watu wa umeme waje kuikagua nguzo yao na nyaya, kwa kuwa imegusana na tawi.

Hao watu wa umeme nikawapigia mwenyewe. "Tutakuja," wakasema. Nikawapigia tena. "Tutakuja." Nikaenda hadi dirishani kwao. Dada aliyekuwa zamu akaniambia bila kuinua macho, "Si ulishaambiwa watakuja?"

Hawakuja.

Ripoti yangu nayo bosi aliisoma amesimama, akanirudishia kama mtu anayerudisha chenji mbovu.

"Mwenyekiti hataki matawi. Anataka mti."

Moyoni nikasema, kwani Mwenyekiti amekuwa mpima miti lini? Mdomoni nikasema, "Bosi, siwezi kuandika nisichokiona."

"Basi kaangalie tena, utakiona."

Nilitoka mle ofisini kichwa kinawaka moto. Ukiwa na kazi ambayo kila mtu anadhani anaijua, utakoma. Daktari akisema huyu anahitaji dawa, hafanyiwi upasuaji, watu wanashukuru. Mimi nikisema mti huu unahitaji kupogolewa, usikatwe, naulizwa nimekula rushwa ya nani.

Yote hayo ningeyabeba. Kilichonimaliza kilitokea nyumbani.

Nina mdogo wangu wa kiume, wa mwisho kwetu. Ni fundi wa kukata miti, kwa hiyo watu wanamwita Msumeno. Kijana ana mikono, kupanda anapanda kama tumbili, lakini kazi zilikuwa zimemkimbia kipindi kirefu. Sasa bosi wangu, kwa kujua au kutojua undugu wetu, alikuwa amemwahidi Msumeno kwamba mti ule ukipitishwa, kazi ni yake.

Mama akanipigia simu. Hakunisalimu.

"Nasikia kalamu yako ndiyo inamzibia mwenzio riziki."

"Mama, mti hauhitaji kukatwa."

"Mti una watoto?"

"Hapana, mama."

"Msumeno anao. Na mmoja anaanza shule."

"Mama, matawi makavu atakata yeye. Nimependekeza."

"Matawi ni jasho tu. Mti mzima ndio kazi. Usinifundishe, mimi si mwanafunzi wako."

Akakata simu. Mama yangu akikukatia simu, utaitazama ile simu kama ndiyo yenye makosa.

Jioni yake Msumeno mwenyewe akaja kwangu. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniuma. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango kama mgeni asiyetaka kukaa sana.

"Dada, ule mti umekuzaa?"

"Haujanizaa."

"Ningekuwa mimi ndiye mwenye kalamu, na wewe ndiye mwenye msumeno, ningeandika."

"Ungeandika uongo."

"Uongo gani? Si mti mzee? Kila kizee lazima kife."

"Basi tuanze na mama."

Kicheko kikamtoka, halafu akakumbuka kwamba amenuna. Akainuka, akaondoka hata chai sijamaliza kumimina.

Haukupita muda mrefu nikasikia kwamba bosi amepata mtu mwingine wa kutia saini. Nani, sikuambiwa. Mti umehukumiwa, Msumeno amepewa kazi, na mimi nimeambiwa niende kukagua miche ya kwenye bustani ya hospitali. Miche, jamani. Ukigonga mche kwa nyundo si unauua?

Nikasema liwalo na liwe. Sikushindana tena. Lakini asubuhi ya kazi miguu yangu ilikataa kwenda bustanini. Ikanipeleka kwenye mti. Nilijiambia nataka tu kuona kama wamefunga njia vizuri.

Njia ilikuwa imefungwa nusu. Watu wamejazana wanatazama, kila mmoja mtaalamu. Fundi viatu alikuwa amehamisha viatu lakini mbao zake ameziacha zimeegemea nguzo. Msumeno alikuwa juu tayari, amejifunga kamba kiunoni, amesimama kwenye lile tawi kubwa lililogusana na nguzo. Vijana wake wawili walikuwa chini wameshika kamba.

Bosi hakuwapo. Mmoja wa wale vijana akaniambia, "Bosi kasema umeme umezimwa, tuendelee."

Nikasikia sauti.

Ile sauti ilikuwa inatoka dukani kwa kinyozi, nyuma ya mti. Mashine ya kunyolea ilikuwa inaunguruma, mteja kainamisha kichwa. Nikachungulia ndani. Mashine imechomekwa ukutani.



"Msumeno, zima hiyo mashine yako."

Alikuwa ameshaiwasha, hakunisikia. Nikanyakua kamba mikononi mwa kijana, nikaivuta mara mbili. Akatazama chini, akazima.

"Dada, tafadhali. Leo usinianzie."

"Umeme haujazimwa."

"Bosi kasema umezimwa."

"Basi mwulize kinyozi ananyolea nini."

Kinyozi akatokea mlangoni na mashine mkononi, inanguruma.  Msumeno alizitazama zile nyaya zilizokuwa karibu na bega lake.

Akajisogeza taratibu kuelekea kwenye shina, mbali na nyaya. Nikadhani anashuka. Kumbe amesimama, ameinama, anatazama mahali tawi lilipogusana na nguzo.



"Dada. Mnasema mti umeilalia nguzo?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Mbona mimi naona nguzo ndiyo imelala kwenye mti? Ule mkono wa chuma wa nguzo umezama ndani ya tawi. Gome limeota hadi limeumeza. Hiki kitu hakikuanza jana. Na lile tawi lililoanguka kwenye gari lilikuwa limeota hapahapa, chuma kimelikaba hadi likafa."

Nikatazama. Kutoka chini nilikuwa naona mti na nguzo vimegusana, basi. Nani anamwegemea nani, huwezi kujua. Lakini nyaya zote zilikuwa zinavuta upande mmoja, upande wa mti. Mti wenyewe shina lake lilikuwa wima.

Nikazifuata mbao za fundi viatu.

"Naomba nizisogeze."

"Zina misumari, taratibu," akasema.

Nyuma ya mbao kulikuwa na majani ya kutambaa, na chini ya majani rundo la udongo lililotupwa walipochimba mtaro. Nikafukua kwa mikono hadi nikaliona shina la nguzo linapoingia ardhini. Nikachukua chuma changu, nikachoma.

Kiliingia kama kisu kwenye papai.

Nikachoma upande wa pili. Kikazama. Nikakichomoa, kikatoka na unga na mchwa.

Niliinua macho nikamtazama mdogo wangu kule juu, kwenye tawi alilokuwa anakwenda kulikata. Tawi lile ndilo lililokuwa linaishikilia nguzo. Angelitoa, nguzo na nyaya zake zote zenye moto wa umeme vingeshuka naye. Na chini yake palikuwa na umati mzima.

"Shuka," nikamwambia.  "Shuka, mdogo wangu. Usishike kitu kingine chochote."

Alishuka. Alipofika chini akajifanya anakung'uta suruali.

Ungedhani hapo mambo yaliishia. Wapi.

Bosi akafika, na Mwenyekiti nyuma yake. Nikaeleza. Bosi akanisikiliza kama mtu anayesikiliza mbu.

"Wewe ni mkaguzi wa nini?"

"Wa miti."

"Hii ni nini?"

"Nguzo."

"Basi. Kazi iendelee."

Nikataka kulia kwa hasira. Msumeno akaweka mashine yake chini, mbele ya viatu vya bosi.

"Mimi sikati."

"Usipokata wewe, atakata mwingine. Na kazi nyingine hutaipata kwangu."

"Sawa. Huyo mwingine mwambie akuombe wewe umshikie kamba."

Watu wakaguna. Mwenyekiti akazitazama nyaya juu ya kichwa chake, akarudi nyuma kidogo kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu kwenye gari.

Nikawapigia watu wa umeme, namba ya dharura. Nikaeleza nguzo imeoza, ina moto, inaweza kuua watu.

"Namba ya nguzo?" akauliza aliyepokea.

Nikatafuta. Kibao cha namba kilikuwa juu. Msumeno akanionyesha kwa kidole. Herufi ya kwanza ilionekana. Zilizobaki zilikuwa ndani ya gome. Mti ulikuwa umeimeza namba.

"Namba imemezwa na mti," nikasema.

"Bila namba siwezi kufungua taarifa, dada."

"Nitakuelekeza mahali, ni hapa mbele ya kinyozi..."

"Bila namba mfumo haukubali."

Niliishusha ile simu sikioni. Nimepigania jambo hili mpaka nimechoka, nina nguzo iliyooza mbele yangu, na sasa nakwama kwa sababu ya kibao. Msumeno akaninong'oneza, "Waambie imeshaanguka."

Nikaitazama nguzo. Nikarudisha simu sikioni.

"Sikiliza, kaka. Nguzo imeanguka. Ina moto na watu wamejaa."

"Imeanguka? Mbona hukusema? Msiisogelee, wanakuja."

Na kweli walikuja, safari hii mbio, na gari lenye kreni. Mkubwa wao akashuka na kofia ngumu kichwani, akaangaza huku na huku.

"Nani kapiga simu? Iko wapi nguzo iliyoanguka?"

Nikamwonyesha.

"Dada, hii imesimama. Unajua kutoa taarifa ya uongo ni kosa?"

"Ilianguka zamani. Mti uliidaka."

Akanitazama kama mwendawazimu. Nikampa chuma changu. Akainama, akachoma. Kikazama hadi karibu na mkono wake.

 Alichukua redio yake na kusema, "Zima laini hii. Sasa hivi." Mashine ya kinyozi ikanyamaza, na mteja akabaki amenyolewa upande mmoja.

Wakaifunga nguzo kwa minyororo, wakakata kipande kidogo cha tawi kilichokuwa kimeumeza mkono wa chuma. Kreni ilipoanza tu kuvuta, nguzo ikakatika chini, mahali nilipochoma. Ilikatika bila kelele, kama muhogo uliooza. Ikabaki inaning'inia kwenye minyororo.

Mti haukutikisika hata jani.

 Fundi viatu alikuwa anazitazama zile mbao zake, alizoziegemeza pale kila siku, na mgongo wake aliouegemeza pamoja nazo.

Nguzo mpya ilisimamishwa mbali kidogo. Matawi makavu yalitolewa. Aliyeyatoa ni Msumeno, lakini kazi hiyo alipewa na yule mkubwa wa umeme, si na bosi wangu. Huyo mkubwa amemchukua tangu hapo, anamtumia kusafisha matawi njia nzima ya nyaya.

Na mimi? Kwenye kikao cha ofisi bosi alisimama akasema kwamba kitengo chake kimegundua hatari kubwa na kuokoa maisha ya wananchi. Akapigiwa makofi. Kikao kilipoisha akaniita pembeni, akaniambia nisirudie kukagua mali za shirika jingine bila ruhusa.

Mwenyekiti bado anataka mti ukatwe. Anasema umemharibia gari.

Lakini si hayo yaliyonileta hapa. Lililonileta ni la jioni ya siku ile.

Mama alipiga. Habari zilikuwa zimemfikia nusu, kwamba nimemsimamisha Msumeno kazi mbele za watu. Alianza kunisema hata pumzi hachukui. Msumeno alikuwa amekaa kwangu, kwenye kigoda kilekile, anakunywa chai. Akaomba simu.

"Mama," akasema, "kama si dada, saa hizi ungekuwa unapokea rambirambi."

Akamweleza yote, polepole.   Mama yangu hajui kuomba msamaha, hajawahi, na sikuwa naungojea.

Simu ikarudi kwangu.

"Na wewe," mama akauliza, "umekula?"

"Bado, mama."

"Mwambie mwenzio akupikie. Wewe umechoka."

Msumeno akacheka, akaenda jikoni. Nikasikia sufuria zinagongana. Chakula kile kilikuwa kibovu kweli, chumvi tupu. Nilikimaliza.

Ndugu msomaji, miaka yote watu walipita pale wakasema mti ndio mkorofi, mti ndio unaoiangusha nguzo, kwa sababu mti ndio mzee na ndio uliopinda tawi. Hakuna aliyeuliza lilipindwa na nini.

Kwenye familia yako, kazini kwako, mtaani kwako, yupo mmoja anayelaumiwa kwa kila kinachoinama. Kabla hujasema akatwe, nenda kachome chini ya yule aliyemwegemea.